Mpira Ulioficha Kutu

Baba yangu Mushagalusa hakuwa mtu wa kusikia neno la mtu, na nasema hivyo kwa mapenzi yote. Mama peke yake ndiye aliyemwita Adalbert, ndani ya nyumba, kwa sauti ya chini, maana ilikuwa miaka ya Zaïre na majina ya ubatizo yalikuwa yamepigwa marufuku. Nje alikuwa citoyen, yaani raia, Mushagalusa wa Bagira, mtaa wa Bukavu, mwenye baiskeli nyeusi.

Baiskeli hiyo, kinga kama tunavyoiita kwetu, ndiyo iliyotulisha. Watu walikuwa wameruhusiwa kujichimbia dhahabu, na wachimbaji wa Luhwindja walihitaji chumvi. Baba aliinunua soko la Kadutu, akaipakia, akaenda. Kwenye milima alisukuma. Kwenye miteremko alipanda yeye na mzigo wake, akashuka kwa kasi, korongo likiwa kando ya barabara.

Wanaume wa kazi ile walikuwa na desturi yao. Fremu ya chuma ikiwa bado mpya, waliizungushia vipande vya mpira wa ndani wa tairi, wakavikaza sana, ili rangi isichubuke. Baba alichanganya mpira mwekundu na mweusi, kazi safi kweli, na hakutaka mtu yeyote aiguse. Sasa, Bukavu mvua hainyeshi kwa kubembeleza. Ikinyesha, chumvi inayeyuka guniani, maji yake yanapenya chini ya mpira, na yakishaingia hayatoki. Lakini hilo nani angemwambia baba?

Mama yangu Clémence alimwambia. Wakati fulani alikuwa amehifadhi chumvi yenye majimaji katika sufuria ya alumini, zawadi ya harusi kutoka kwao Nyantende. Siku alipoimwaga alikuta unga mweupe na vitobo vidogo vidogo. Sufuria imekuwa chujio. Kwa hiyo alipoona tone la rangi ya kahawia sakafuni, pale baiskeli inapolala, alishtuka. Akamwambia mumewe kwamba chumvi iliyokula sufuria haitashindwa na kinga. Baba alicheka. Alumini ni laini, alisema, ni ya kupikia maharagwe. Chuma ni chuma, na hiki tena kimevishwa nguo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini baba alijiona yeye ndiye mkuu.

Tone lilirudi kila baada ya safari, palepale, chini ya usukani. Mama alikuwa na mimba yangu, ya kwanza, na hofu yake ilikuwa moja tu: nisizaliwe yatima. Jumapili moja, safari ya Luhwindja ikiwa ni kesho yake asubuhi, baba alikwenda kanisani kuimba kwaya. Mama alisema miguu imevimba, akabaki. Alichukua kisu cha kumenyea muhogo, akaukata mpira wote.

Baba alirudi bado anaimba sauti yake ya tatu. Akakuta vipande vyekundu na vyeusi vimetapakaa sakafuni na fremu iko uchi. Wimbo ukaishia hapo. Nimesimuliwa na mama, na baba hakuwahi kubisha, kwamba maneno yaliyotoka kinywani mwake hayakuwa ya mtu aliyetoka kusali.  Mama alimwonyesha kwa kidole bomba la fremu karibu na usukani, palipojaa magamba mekundu.

"Ni buchafu tu," baba akasema. "Hii kinga iko nguvu. Wacha nikuonyeshe."

Akashika usukani kwa mikono miwili, akaulalia kwa uzito wake wote, kama ambavyo angefanya mteremkoni. Bomba likakatika kama muwa. Unga wa kahawia ukatoka ndani yake, ukamwagikia viatu vyake vya kanisani.

Baba alikaa chini, na suruali yake safi ileile. Aliuangalia ule unga kwa muda mrefu, halafu akaliangalia tumbo la mama. Kwetu, mwanamke akipokea kitu kwa mkubwa wake hupiga makofi polepole kushukuru. Mwanaume kumpigia mke wake makofi hayo ni jambo la kuchekesha majirani. Baba alimpigia.

"Koko, Clémence," alisema, na kwa Kimashi hiyo ni asante. "Kesho ningekuwa mu shimo."

Papa Théodore, fundi wa Kadutu, alilikata bomba lililooza, akachomelea lingine kutoka kwa baiskeli iliyokufa. Baba hakufunga mpira tena. Wenzake walimtania kwamba anatembeza kinga uchi, naye akawajibu waangalie za kwao chini ya nguo. Wengine waliangalia, wakaacha kumtania. Kila akirudi safari aliiosha kwa maji safi, akaikausha, akaipaka mafuta ya mawese, kisha akamwita mama aje aikague. Mama alipitisha mkono juu ya chuma bila haraka, kwa maringo, hata pale alipojua kabisa kwamba hakuna kitu. Akimaliza, baba alipiga makofi.

Nimekua nikiona hivyo, nikidhani ndivyo wanaume wote walivyo. Nilipoolewa ndipo nilipojua. Nawashukuru wazazi wangu wote wawili, mmoja kwa kisu chake, mwingine kwa kukubali kuaibika. Nilizaliwa mvua zikiwa bado hazijaisha, na nilimkuta baba nyumbani.