Aliinama Kupokea Makofi, Makofi Hayakuja

Kuna mwanamume mmoja hapa Milwaukee aliwahi kusimama mbele ya ukumbi uliojaa, akatabasamu, akainama kupokea makofi, na hakuna hata mtu mmoja aliyempigia.

Si kwamba watu walikuwa wamelala. Walikuwa macho kabisa, wanamtazama.

Nilikuwepo. Muziki aliokuwa anapiga ni wangu mimi.

Na nikwambie ukweli, sijawahi kusikia kimya kitamu kama kile.

Naitwa Marcy Nowicki. Mchana nilikuwa nalea, jioni nilikuwa nasoma utunzi wa muziki kwenye darasa la watu wazima, chini ya kanisa, chumba chenye harufu ya kabichi iliyochemshwa.

Mwanangu Junie alizaliwa njiti. Soksi ya mwanasesere ilimpwaya. Nilikaa wiki kwa wiki kando ya sanduku lake la joto, nikisikiliza mashine inayomlinda ikilia tii, tii, tii.

Nililia mpaka nikachoka kulia. Nilipochoka nikaanza kuandika.

Kikatoka kipande cha wapigaji wanne. Fidla mbili, viola, ambayo ni fidla yenye sauti nene, na selo, lile kubwa linalobanwa kwa magoti. Sehemu tatu.

Ile ya tatu ndiyo roho yenyewe. Selo inapumua kama Junie alivyokuwa akipumua, kwa kubahatisha. Viola na fidla ya pili zinambembeleza. Fidla ya kwanza ni mashine: noti moja tu, juu kabisa, tii, tii, tii, mpaka mwisho.

Jumuiya ya muziki ya mjini ilikuwa inatafuta mtunzi mpya wa hapa hapa. Nikapeleka. Nikachaguliwa! Dale, mume wangu, alipiga kelele hadi jirani akagonga ukuta.

Tukajua mambo yameiva.

Ndipo nikakutana na Thornton Pell.

Thornton ndiye fidla ya kwanza, na kwa akili yake ndiye pia ya pili, viola, selo na mwenye jengo. Anavaa skafu ndani ya nyumba. Fidla yake anasema ni kongwe kuliko nchi hii, na anaisema hivyo kana kwamba alimzaa yeye aliyeichonga.

"Nani amekuja na mtoto?" aliuliza siku ya kwanza ya mazoezi.

"Mtunzi," akajibu Verlene, mpiga selo, huku anatafuna bigijii.

Thornton akanipima kuanzia buti zangu za theluji hadi begi la nepi.

"Aa. Nilidhani angekuwa... basi, sawa. Kaa pale, binti."

Binti! Nina mume, nina mtoto, nina kazi yangu mezani kwake, bado ni binti.

Wakaanza kupiga. Sitamsingizia: jamaa anajua. Sehemu ya kwanza ikaenda, ya pili ikaenda. Kufika ya tatu, akapiga mistari michache, akashusha upinde wa kusugulia nyuzi, kama mtu aliyeona nywele kwenye supu.

"Hii ni nini?"

"Ni mashine," nikasema. "Ya hospitali."

"Nimeshika upinde tangu sijaota meno ya utu uzima, leo nije nilie kama friji?"

"Friji yangu haikosi mdundo," Verlene akasema. "Wewe umeshakosa mara mbili."

Wenzake wawili wakainamia noti zao wafiche kicheko. Thornton hakucheka. Mtu wa aina ile hasahau.

Siku moja kabla ya onyesho, akatangaza huku anafuta vumbi kwenye fidla yake.

"Sehemu ya tatu haitapigwa. Tunaishia ya pili, tunainama, watu wanakwenda kunywa."

Nikasogea hadi mbele ya kiti chake.

"Huwezi," nikasema. "Mbili za kwanza zinaelekea pale. Bila ile ya tatu, hakuna kitu."

"Sikiliza, binti. Watu wetu wanakuja kwa ajili ya marehemu. Watunzi waliokufa, wenye masanamu yao. Wewe ni kitu cha kuvumiliwa kabla ya mvinyo. Nakusaidia uvumilike."

Akagusa kishikwambi chake. Siku hizi wengi wao husomea noti humo, wanageuza kurasa kwa kukanyaga pedali. Akaifuta sehemu ya tatu mbele ya macho yangu. Kidole kimoja. Kama anafuta picha mbaya.

Nikamkimbilia Bi Halloran, mwenyekiti wa jumuiya. Mama wa lulu shingoni na mkono baridi.

"Mpenzi," akanipapasa shavu, "Thornton anawajua watu wetu. Na hakuna atakayejua, muziki wenyewe ni mpya."

"Lakini ratiba zimeshachapwa. Zinaonyesha sehemu tatu."

"Nani husoma ratiba?"

Nikatoka nje nikalilie kwenye maegesho. Verlene alikuwa anasukuma selo yake kwenye gari.

"Mdogo wangu, futa kamasi, zitaganda. Noti zangu za sehemu ya tatu amezifuta na hizo?"

"Hapana, amefuta zake tu. Zako ni za karatasi, na wale wawili wanazo zao."

"Basi. Nenda kamlaze mtoto."

Sikuelewa. Nilidhani ananifariji tu.

Sasa, ngoja nikwambie kitu kuhusu watu wa kumbi hizi. Wanaogopa kitu kimoja kuliko kifo: kupiga makofi kabla ya wakati. Sehemu ikiisha, hawapigi. Wanakohoa. Makofi ni mwisho wa kipande kizima, basi. Kuna daktari wa meno alipiga mapema miaka mingi iliyopita, maskini, hadi leo wakimwona dukani wananong'ona, "Ndiye yule."

Kwa hiyo wote wamejifunza kujilinda. Wanahesabu sehemu kwenye ratiba, na wanatazama pinde. Upinde hata mmoja ukiwa hewani, mikono inabaki mapajani.

Na Thornton, aliyejidai anawajua watu wake, hilo hakulifikiria.

Siku ikafika. Mimi na Dale tukakaa nyuma kabisa karibu na mlango, Junie amelala begani kwa baba yake. Mzee mmoja wa mbele yetu akageuka akamtazama mtoto kama bomu.

"Halii," Dale akamwambia. "Labda muziki uwe mbaya."

Wakapiga ya kwanza. Watu wakakohoa.

Wakapiga ya pili. Noti ya mwisho ikafifia.

Thornton akasimama.

Akatoa lile tabasamu lake, akaweka mkono kifuani, akainama. Akainama chini, skafu ikaning'inia.

Kimya.

Wale watatu hawakusimama. Pinde zao zilikuwa juu. Wa viola, wa fidla ya pili, wa Verlene. Zimetulia hewani kama ndege watatu kwenye waya.

Nikasikia karatasi zikichakacha ukumbi mzima. Watu wanahesabu. *Moja. Mbili. Bado moja.* Hakuna aliyekuwa tayari kuwa daktari wa meno wa pili.

Thornton bado yuko chini. Anasubiri.

Akainua kichwa kidogo, akachungulia. Bi Halloran, mstari wa mbele, alikuwa amekalia mikono yake.

"Huyu anaumwa?" mzee wa mbele yetu akanong'ona.

"Sana," Dale akajibu.

Uso wa Thornton ukawa mwekundu kuanzia shingoni kwenda juu, kama kipimajoto. Na hapo, huku jamaa bado amejikunja, Verlene akashusha upinde kwenye nyuzi.

Selo ikaanza kupumua.

Thornton akakaa. Akatazama kishikwambi. Hakuna kitu. Akakanyaga pedali. Hakuna kitu. Akakanyaga tena, na tena, unaona kiatu kinapanda na kushuka kama mtu anayeua mende. Noti ile moja angeweza kuipiga hata usingizini, lakini aingie lini, akae kimya lini? Hakuwahi kujisumbua kujifunza.

Akaweka fidla kongwe magotini, akatulia kama mtoto aliyewekwa pembeni.

Nilitaka kucheka. Nilijiandaa kucheka.

Halafu nikasikia.

Selo inapumua, wawili wanabembeleza, na ile mashine haipo.

Jamani. Mashine haipo.

Nikakumbuka asubuhi ile muuguzi alipokuja, akaizima, akasema, "Haihitaji tena, mama. Msikilize mwenyewe." Nikainama juu ya mwanangu, na kulikuwa na pumzi tu. Nyembamba, yake mwenyewe.

Niliandika hofu yangu yote kwenye sehemu ile. Asubuhi ile nilisahau kuiandika.

Dale alikuwa ameelewa kabla yangu. Machozi yalikuwa yanamtiririka kwenye ndevu, na Junie anamkoromea begani.

Pinde tatu zikashuka. Makofi yakaja kama mvua juu ya bati.

Kwenye tafrija, kati ya vipande vya jibini na mvinyo wa bure, Bi Halloran akanikumbatia na lulu zake.

"Mpenzi, ule uthubutu! Fidla ya kwanza kusimama, kuinama, kunyamaza! Wazo la nani?"

Kabla sijafungua mdomo, Thornton akatokea, glasi mkononi, skafu imenyooshwa.

"Ni jambo ambalo mimi na Marcy tulilijadili," akasema. "Mimi ndiye niliyependekeza."

Alikumbuka jina langu, mnaona?

Verlene akatema bigijii yake kwenye karatasi, taratibu, akinitazama.

"Ni kweli," nikasema. "Wazo ni la Thornton."

Nikarudi nyumbani, na kesho yake Junie alipolala mchana nikafungua kazi yangu. Noti zote za mashine nikazifuta. Mahali pake nikaandika maelezo: *Fidla ya kwanza anasimama, anainama. Hakuna makofi. Anakaa. Hapigi tena hadi mwisho.*

Kipande kikachapishwa. Kimepigwa Ohio, kimepigwa Oregon, na kila kinapopigwa, mtu anasimama, anainama, hapati kitu, anakaa.

Mwezi uliopita Thornton alinipigia simu. Sauti laini, neno binti halipo tena.

"Marcy, yale maelezo... huwezi kuyaondoa? Watu wananiuliza kama ilikuwa kweli."

"Nitaondoaje, kaka? Ni wazo lako. Ulisema mbele ya watu. Na jina lako nimeliweka ukurasa wa kwanza, kwa shukrani."

Akakata.

Wewe unayesoma jioni huku mtoto amekulalia mapajani, nisikilize. Anayekudharau usipoteze nguvu zako kumbembeleza akuone. Maliza kazi yako, uipende, halafu mwachie nafasi ya kusimama.

Kuinama atainama mwenyewe.