Mama Alipobeba Isale

Baba aliondoka na wanamgambo wenzake kwenda vita vya Uganda akiwa mcheshi wa ukoo mzima. Alirudi kijijini kwetu, Kilema, akiwa mzima wa viungo, tukashukuru, tukachinja mbuzi. Nyama hakuigusa. Akahamia zizini, kwa ng'ombe, na akawa anatukaripia hata tukikohoa. Siku moja alimwambia mama, bila sababu tuliyoiona, "Rudi kwenu." Mama akarudi kwao, Sanya Juu.

Kwetu Uchagani jambo hilo lina dawa yake. Mkosaji huchuma isale, lile jani refu la kijani tunalopanda mipakani, akalipeleka kwa aliyemkosea. Ukiletewa isale, si kwamba unasamehe kwa kupenda. Unasamehe kwa sababu kulikataa ni kujitakia laana. Basi kila mtu alimsubiri baba achume. Shangazi, dada yake, alimsihi mpaka akachoka. Baba alikaa tu zizini anatazama mlango. Mimi nililia waziwazi, kwa kuwa niliona tumeshakuwa watoto wa nyumba iliyovunjika.

Kumbe habari za baba kutokula zilimfikia mama. Akapanda basi, akabadilisha Bomang'ombe, akaja kwa miguu kutoka barabarani mchana kweupe. Mgongoni alimbeba mdogo wetu, aliyezaliwa baba akiwa vitani na ambaye baba hajawahi kumpakata. Mkononi alishika isale.

Shangazi alishika kichwa. "Yelewi, wifi! Unatuaibisha! Aliyekufukuza ndiye wa kubeba hilo!"

"Wifi, kilichonifukuza ni vita," mama alisema. "Sasa hiyo vita itakuja lini hapa kuniomba msamaha? Nipishe."

Nimewajua watu wengi hodari, wengine na vyeo vyao. Sijamwona aliyepita mbele ya majirani wanaocheka kwa hatua kama zile za mama yangu. Alisimama mlangoni pa zizi akamnyooshea baba jani. Baba akalitazama sana. Kulikataa hakuweza, akalipokea kwa mikono miwili.

"Mke wangu, hili lilikuwa langu kukuletea."

"Utaniletea siku nyingine, makosa hayaishi. Kwa nini ulinifukuza?"

Baba akamjibu, "Usingizini napigana. Naamka nimeikaba nguzo ya zizi. Naiogopa mikono yangu hii kwa watoto."

Nilidhani mama atalia. Mama hakuwa mtu wa hivyo. Alifungua kanga, akamshusha mtoto.

"Basi tuipe kazi," akasema, akampakatisha.

Baba alimshika mtoto kama mtu aliyekabidhiwa mayai ya jirani, viwiko vimekakamaa, hapumui vizuri. Mtoto akamvuta ndevu. Shangazi alileta ndizi za moto akaziweka chini karibu naye. Zilipoa pale pale kwa kuwa mikono yake ilikuwa na kazi, na hata mama hakumwambia ale.