Nilivyotembezwa Kayanga

Nilikuwa nimefanya kazi Kayanga kwa miaka sita, katika ofisi ya serikali yenye feni isiyozunguka, na nilijiona mwenyeji kamili. Kwetu ni Kibingo, upande wa Kyerwa. Kinyambo, lugha ya huku, nimekisikia kabla sijaota meno. Basi mkuu wangu aliponiambia kuna mwandishi anakuja kutoka Dar es Salaam kuandika juu ya uzuri wa mji wetu ambao watu hawaujui, na kwamba mimi ndiye nimtembeze, niliona kazi imempata mwenyewe. Nilipiga pasi suruali mbili.

Mwandishi alikuwa dada wa makamo, mwenye viatu vyeupe ambavyo havikujua vumbi letu linavyofanya kazi. Asubuhi nikampeleka kuona benki. Kisha kituo kipya cha mafuta. Kisha nyumba ya wageni yenye ghorofa, ambako nilimpandisha ngazi ili ajionee mwenyewe kwamba kweli ni ghorofa.

"Kaka," akaniambia akiwa juu kule, "hivi vyote Dar vipo."

"Ndiyo," nikamjibu kwa fahari. "Na huku vipo."

Alicheka, halafu akaomba tunywe soda. Hapo chini ndipo alipokutana na mama mmoja wa Kizungu anayeishi Kayanga kwa miaka kumi na minne. Alikuja kufundisha ufugaji wa nyuki, mradi ukaisha, yeye akabaki. Alimsalimia mhudumu kwa Kinyambo, tena kile cha taratibu cha kuulizana habari za ng'ombe na za watoto. Mwandishi akasahau soda yake. Baada ya dakika kumi mama yule alikuwa ameshika usukani wa safari, na mimi nikawa nafuata nyuma nimebeba mwavuli wa mgeni.

"Nitawapeleka mahali ambapo hapajulikani na mtu yeyote," alisema.

Mahali penyewe palikuwa nyuma ya duka ninakonunua misumari na vocha. Kwa miaka sita niliishia kaunta. Mama akapita pembeni, akasukuma mlango wa bati, akaita hodi, na tukatokea kwenye uwanja wenye mparachichi na mabenchi. Palikuwa na watu wapatao ishirini: madereva wa bodaboda, mwinjilisti wa Kilutheri, wanawake wawili wa sokoni, mkulima wa Ihanda aliyeegemeza baiskeli yake ukutani. Wote walikuwa na vikombe vidogo vya kahawa ya tangawizi, wakibishana juu ya mechi.

"Hapa ndipo," mama akamwambia mwandishi. "Hakuna anayepajua."

Watu ishirini wakageuka kututazama.

"Na sisi je, mama?" akauliza mmoja wa wanawake wa sokoni. Walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Mama naye alicheka, ingawa masikio yalimwiva.

Mwenye duka alikuwa mzee Mwislamu aliyevaa kofia ya kiua. Mama akamwamkia shikamoo, na mwandishi pia. Mimi nikasema, "Mambo vipi, mzee," kama nilivyozoea kaunta.

"Marahaba," aliwajibu wao. Kisha akanitazama. "Wewe ni yule wa misumari."

"Mzee, miaka yote hii hujawahi kunikaribisha huku."

"Hujawahi kunisalimia. Unaingia, unasema 'mambo vipi, nipe ya inchi tatu', unatoka. Nikukaribishe na inchi tatu zako?"

Mwandishi aliandika hayo. Nilimwona.

Nikataka kujiokoa. Nikamweleza mwandishi jinsi kahawa yetu ya kutafuna inavyotengenezwa: inaivishwa, inakobolewa, inakaangwa, kisha inachemshwa. Mkulima wa Ihanda akaweka kikombe chini. "Huyu kazaliwa wapi?" akauliza. "Inachemshwa na maganda yake ikiwa mbichi, na majani ya kunukia, ndipo inakaushwa. Ungemkaangia babu yako hivyo angekufukuza." Kwetu tuna migomba na mibuni hadi mlangoni, na tunakunywa chai.

Mama akamwambia mwandishi kwamba yeye sasa si mgeni tena, watu wote wanamwita mwenyeji.

"Hongera," mzee akasema taratibu. "Babu yangu alitoka Tanga. Baba kazaliwa hapa, mimi nimezaliwa hapa, wanangu pia. Mpaka leo naitwa yule mtu wa pwani. Wewe miaka kumi na minne tu, umeshapewa mji."

Hakuna aliyecheka. Mama aliangalia kikombe chake. Mimi niliangalia viatu, maana ofisini kwetu ukiuliza duka la misumari, ninayekuelekeza kwa "yule wa pwani" ni mimi.

Makala ilitoka baada ya wiki kadhaa. Uwanja ulisifiwa, na mama akaitwa "roho ya Kayanga". Mzee alikuwa "mfanyabiashara mkarimu kutoka pwani". Mimi nimetajwa mara moja, kama "dereva wangu". Siku ile tulitembea kwa miguu kutwa nzima.

Nilirudi dukani kwa mzee, nikamwamkia shikamoo kabla sijataja haja yangu. Aliitikia, kisha akanionyesha mlango wa bati kwa kidevu. Sasa naenda kila Ijumaa jioni. Kahawa yenyewe ni chungu, inanichoma koo, na nafasi niliyopewa iko jirani na banda la kuku.