Ndege wangu hawali mtama

Leo jaji ameniuliza ndege wangu wanakula nini.

Tulikuwa na maonyesho ya sayansi shuleni, hapa Uriri. Mradi mmoja tu ungechaguliwa kwenda mashindano ya Homa Bay. Bango langu lilisema: "Ndege hawa wapya watachafua hewa kidogo."

Nilimaanisha ndege za abiria. Nililinganisha injini za zamani na miundo mipya: mafuta, moshi, kelele. Kumbe nilipaswa kuandika "ndege hizi"!

"Nyathina, mwanangu, ndege wa kwangu wanachafua paa," jaji akasema. "Hawa wako wanakula mtama?"

Darasa zima likacheka. Kwa kawaida hapo mimi hunyamaza. (Mnanijua.)

Leo nikajibu, "Wanakula mafuta, mwalimu. Wapya wanakula kidogo."

Akainamia mchoro wangu. "Lakini feni kubwa hivi ya injini si inaongeza uzito?"

Jamani, hilo ndilo swali nililotamani kuulizwa! Nikamweleza kwamba inaongeza, ndiyo maana nilikadiria mafuta ya safari nzima, na bado yanapungua. Nikaongea mpaka kengele ikalia.

Nimechaguliwa.

Sasa nisaidieni: ukiongea mbele ya watu wengi, mikono unaiweka wapi?