Pikapu ya Matarumbeta Iliyokataa Kutambaa

Naona aibu, na nitasimulia hivyo hivyo na aibu yangu, maana mkiisikia kwa watu wa Mbagala mtaambiwa nilikuwa nimelewa, na mie pombe sijawahi kuionja, na hao wanaosema wanajua. Ukweli ni mbaya kuliko pombe: nilikuwa na akili zangu timamu, na kila kitu nilichagua mwenyewe.

Mie nina pikapu, otomatiki, ya zamani, naendesha mwenyewe. Katikati ya wiki napakia chakula cha kuku, Jumamosi na Jumapili napakia matarumbeta ya harusi. Kazi yenyewe mnaijua: wapigaji sita na ngoma kubwa wanakaa nyuma, mpiga video yuko nao kageukia gari la bi harusi, na mie natambaa mtaa kwa mtaa mwendo wa mtu anayecheza, maana mbele yangu kina mama wanacheza kweli. Miaka tisa nafanya kazi ya kutambaa, halafu sikilizeni nilichokwenda kununua.

Konveta ilikufa (ni duara zito la chuma, liko kati ya injini na gia boksi, ndilo linalopitisha nguvu ya injini mpaka gari lisogee). Nikaenda duka la spea nikakuta ziko mbili zinazoingia kwenye gari langu, moja ya kawaida kama niliyokuwa nayo, na nyingine ya magari ya mashindano, ambayo haishiki mpaka injini ilie kwa nguvu, ila ikishika gari linaruka. Muuzaji akaisifia ile ya pili mpaka mate yakamkauka, wala hakuniuliza gari nalifanyia nini, na mie sikumwambia, kwa sababu kichwani nilikuwa na mtu mmoja tu, Kisoma. Kisoma naye anabebaga matarumbeta, na wiki ile ile alinipita kwenye kilima cha Pugu, mie nimebeba watu na yeye kabeba watu, akanipungia mkono kama ananiaga. Nikachukua ya mashindano.

Fundi wangu Mzee Chande, mtu wa Newala, mpole, aliigeuzageuza ile konveta akasema, "Mama Salma, hii inataka mbio. Wewe kazi yako kutambaa." Nikamjibu afunge tu, gari ni langu. (Shikamoo nilimpa vizuri asubuhi, adabu yangu ikaishia hapo.) Akafunga, na mie nikaenda kujaribu barabara ya Kongowe, peupe, hakuna foleni, na gari likaenda jamani, nikawa nacheka peke yangu kwenye usukani. Kutambaa sikujaribu.

Sasa Jumamosi ile haikuwa harusi ya mtu baki, ilikuwa ya mdogo wangu Mwanaidi. Mwanaidi ana miaka arobaini na moja, na kuna mtaa mmoja nyuma ya nyumba ya marehemu mama ambako kila akipita na ndoo yake ya mandazi, Bi Mgeni na wenzake walikuwa wanamuuliza lini watakula pilau lake, wanacheka, na yeye anacheka nao halafu anakuja kulia kwangu. Miaka yote hiyo. Siku ya kuulizwa anataka zawadi gani hakuniomba kochi wala friji. Aliniambia, "Dada, nipitishe mtaa ule polepole. Wanione uso."

Tukatoka baada ya alasiri. Nikaachia breki, gari limesimama. Nikakanyaga kidogo, injini inanguruma, gari limesimama. Nikaongeza, likaruka, mpiga video akakalia ngoma, mwenye tarumbeta kubwa mdomo ukachanika, na shangazi yetu aliyekuwa anacheza mbele na kijora chake kipya akajitupa mtaroni, na kina mama wenzake wakakimbilia pembeni, hakuna aliyerudi tena mbele. Nikafunga breki, wakaangukiana tena. Mitaa miwili tulikwenda hivyo, kusimama na kuruka, kusimama na kuruka, watu wananitazama kana kwamba ndiyo kwanza najifunza gari, na mie natukana kimoyomoyo, muuzaji, Kisoma, hata shangazi. Ikaanza harufu ya oili ya gia boksi inaungua (konveta kama ile isiposhika inajichemsha yenyewe, Mzee Chande alinieleza baadaye, au alinieleza mapema mie nikawa simsikii). Taa nyekundu ikawaka. Mkubwa wa bendi akainama dirishani, leso mdomoni, akasema, "Mama, ama twende ama tusimame. Hii ni midomo ya watu."

Hasira zikanipanda, na kuanzia hapo mwenye usukani si mie, ni hasira. Tumefika kona ya mtaa ule, naona viti vimepangwa, Bi Mgeni na wenzake wamejipamba wanangoja. Ningeweza kusimama. Ningewateremsha wapigaji watembee kwa miguu, pikapu ibaki pale pale kwenye kona, na gari la bi harusi lipite taratibu nyuma yao. Kitu chepesi kabisa, na hakuna siku sikifikirii. Mie nikakanyaga mafuta mpaka mwisho.

Likashika. Likaenda kama siku ile ya Kongowe, vumbi limetanda, bendi imeacha kupiga imeng'ang'ania vyuma, na dereva wa bi harusi aliambiwa asiniache, basi naye akakanyaga. Mtaa mzima tuliumaliza kwa nusu dakika, na kwenye kioo nikawaona kina Bi Mgeni wamejifunika khanga usoni kwa vumbi. Hawakumwona. Mwisho wa mtaa pikapu ikatoa moshi chini, ikamwaga oili, ikagoma kabisa.

Mwanaidi akateremsha kioo. Nilijiandaa alie, hakulia. Akasema, "Dada, umenipitisha kama mgonjwa anayekimbizwa hospitali." Akapandisha kioo, wakaondoka. Bendi ilikuja kuchukuliwa na Kisoma, na naomba msiniulize alipunga mkono au hakupunga.

Konveta ile Mzee Chande ameing'oa, akafunga ya kawaida, wala hakunisema, na nimeapa mbele yake kwamba sitanunua tena spea kwa ajili ya kumkomoa mtu. Muuzaji bado nina hasira naye. Lakini nikiwa peke yangu najua wa kumkasirikia ni nani, na huyo ndiye nalala naye kila siku.

Mwezi uliopita nilikwenda Kimbiji, kwa Mwanaidi na mumewe. Nikamwambia gari sasa linatambaa vizuri, avae gauni lake Jumapili, bendi nalipia mie, nimpitishe tena mtaa ule polepole kama alivyotaka. Alikuwa anachambua mchicha, wala hakuinua kichwa.

"Harusi ilishapita, dada," akasema. "Kaa tule."

Bora angenitukana.