Mzee Haandikwi Mkiani

Kazi ya Sumaia pale Quitunda, kaskazini mwa Msumbiji, ni majina. Tangu vita viwatawanye watu, kila kituo cha waliokimbia huandika waliofika, picha zao na namba zao za simu, kisha huyaleta kwa flashi. Yeye huyaingiza yote katika faili moja, ili anayemtafuta ndugu yake aje amuulize. Faili hilo limevimba, si mchezo! Mtu akihama anaandikwa upya, na watu wa huku siku hizi hawana kazi ila kuhama.

Programu aliiandika mwenyewe kwa Python, lugha ya kompyuta aliyojifunza mjini Pemba, huko huko Msumbiji. Haikuwa na makuu: inafika mwisho wa faili, inaongeza jina, inafunga. Yaliyotangulia haiyagusi. Kikompyuta chake kilikuwa hakibebi faili zima, na wala hakikuhitaji kulibeba.

Jumatatu akaja Mzee Bwanaheri, katokea Mtwara. Akasomewa orodha, akasikia wajukuu zake wamekwisha kuandikwa, na yeye anatiwa chini kabisa.

"Mimi nije nyuma ya watoto wa watoto wangu? Umeona wapi hayo, hata kwenye hitima?"

"Shikamoo, babu. Mashine inaongeza mwisho tu."

"Mashine haina babu. Wewe unaye."

Haya, nani angembishia? Mkubwa hutajwa kwanza, ndivyo tulivyolelewa. Sumaia akaona haya, akaibadili programu: ilivute faili zima, imweke mzee juu ya wajukuu zake, kisha iandike yote upya juu ya lile la zamani. Loo, kosa hilo! Kompyuta ikaelemewa, ikaganda katikati ya kuandika. Akaizima kwa nguvu. Ilipowaka, faili lilikuwa limekatika, majina ya miezi minne hayapo. Nakala ya akiba ilikuwa ya kabla ya Ramadhani, na flashi za vituo alikwisha kuzifuta zikatumike tena.

Akampigia Lourenço, mkubwa wake wa kazi aliyeko Pemba.

"Si ungemwandika mwisho tu, Sumaia?"

"Wewe ungeweza kumwambia?"

Huko Pemba nako hakukuwa na nakala nyingine.

Ijumaa akaingia Mama Mwanawetu, ambaye kila Ijumaa huja kumuulizia bintiye Chamima. Siku hiyo alikuja anacheka.

"Mwanangu, Rachide muuza samaki kamwona! Mwezi uliopita, kituo cha Mueda, anaandikwa, kapigwa na picha. Nipe namba yake tu, nimpigie."

Kituo hicho kilifungwa wiki ile ile, watu wakapakiwa malorini, wamepelekwa wapi hakuna ajuaye. Sumaia akaandika jina, akatafuta. Hakuna.

"Mama, majina yamepotea. Nimeyapoteza mimi. Nisamehe."

"Hayo ya wengine," akasema Mwanawetu. "La Chamima tazama tena."

Akatazama. Hakuna. Mwanawetu hajui kusoma, lakini alisogeza kiti karibu na kioo, akatoa simu yake kwenye pindo la kanga, akaweka kidole tayari kubonyeza namba.

"Tazama tena, mwanangu."

Sumaia akaliandika jina mara ya tatu.