Sindano na Paipu za Breki

Walimwita Sindano tangu ujana, kwa wembamba wake na kwa jinsi alivyopenya chini ya gari lolote bila kusubiri jeki ipande sawasawa. Alikuwa fundi wa breki, na kazi yake hakuifanyia mzaha. Wateja wakimharakisha, aliwaambia gari lisilowaka humlaza mtu nyumbani kwake, lakini lisilosimama humlaza kwingine.

Gari lililomjengea heshima lilikuwa la marehemu baba yake, saluni ya zamani yenye taa za mviringo, iliyokaa uani hadi kuku wakaanza kutagia kiti cha nyuma. Mama yake, ambaye magoti yalishamgomea, alisema siku moja angependa kulipanda tena gari la mumewe kabla uzee haujamfika. Alikuwa na miaka themanini. Watoto walicheka, lakini neno lile liliwaingia. Kaka mtu, fundi wa bodi, akashika kutu na rangi. Sindano akashika breki.

Paipu za breki zilikuwa zimeoza zote. Sindano akiwa bado anatafuta mpya, kaka, aliyetaka kumfurahisha mama upesi, akafunga zake mwenyewe. Alizipitisha njia ya mkato, mbele hadi nyuma, ubavuni mwa bomba la moshi. Zilinyooka, ziling'aa, majirani wakasifu.

Sindano aliingia chini, kisha akaomba spana.

"Mdogo wangu, mbona unafungua? Breki inashika," kaka alisema.

"Inashika ikiwa baridi, kaka. Bomba likipata moto, mafuta ya breki yatachemka, na mama atakuwa ndani."

Kaka alinuna, akaenda kupiga msasa mlango alioupiga jana yake. Sindano akakwangua chesisi hadi akayaona matundu ya vibanio vya zamani, yakiambaa upande wa pili, mbali na joto, mahali mawe ya barabarani hayafiki. Akapinda waya laini kuifuata njia ile, kisha akapinda paipu kuufuata waya, polepole, isije ikajikunja. Akaibana kila mahali isitetemeke. Alipofunga mpira wa kupitisha mafuta ya breki unaoingia gurudumu la mbele, alimwomba kaka azungushe usukani hadi mwisho, kushoto na kulia. Tairi likaugusa. Akaufungua, akaugeuza, wakarudia. Mara hii kaka alishuka kuchungulia mwenyewe, na walipotoa upepo kwenye breki, yeye ndiye aliyekanyaga pedali, bila kuombwa.

Siku ya kumtoa mama walishuka mteremko mrefu, mguu wa kaka ukiwa kwenye breki kona hadi kona. Chini kabisa, lori likatoka getini kinyumenyume bila honi. Kaka akakanyaga. Gari likainamisha pua, likasimama papo hapo, halikuyumba hata kidogo. Mama akaweka sawa kitambaa chake cha kichwani, akauliza mbona wamesimama.

Watu wa pale getini walilizunguka gari, wakaisifia rangi. Kaka aliwaacha wamalize, kisha akawaambia rangi ni yake, ila aliyemfikisha mama salama ni mdogo wake. Akawainamisha mmoja mmoja wachungulie chini.

Sindano, aliyeketi nyuma na mama, aligeukia dirisha la pili, lakini tabasamu lilishamshinda nguvu.

"Usijifanye husikii, mwanangu," mama alimwambia. "Shuka ukawaonyeshe."

Akashuka.